Tusiingoje Ndege ya Berlin

Wapo watu wanaosema, kila habari ya Mangi Meli inapotajwa, ati yaliyopita si ndwele. Mifupa hailipi ada wala haijengi zahanati, basi tuiache ilipo. Nimeyasikia maneno hayo katika vikao vya harusi, ndani ya basi la kwenda Moshi, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Nayapinga, na nina sababu ya kuyapinga kuliko wengine: zamani niliyasema mwenyewe, nikiwa na chaki mkononi.

Kwanza tueleze mambo yenyewe. Meli, mwana wa Mangi Rindi, alirithi utawala wa Moshi, yaani mahali tunapopaita leo Old Moshi, mwaka 1891. Mwaka 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani vitani, na kiongozi wa kikosi hicho, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga hadharani, pamoja na viongozi wengine 18 wa Kilimanjaro na Meru. Wazee wamesimulia tangu hapo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mimi nilisomea ualimu chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tulifundishwa vizuri kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Jina la Meli lilikuwamo katika orodha ya watawala waliopinga ukoloni, pamoja na Mkwawa na Isike. Wanafunzi waliikariri orodha, wakaijibu kwenye mtihani, kisha wakaisahau. Nilipokuwa mwalimu mkuu alinijia mzee mmoja, akaniomba niwapeleke watoto kwenye mti aliponyongewa Meli, wakae chini wasikilize habari zake. Nilimjibu, “Meku, mti huo haumo katika muhtasari wa masomo, na mtihani wa taifa umekaribia.” Akaniuliza, “Mwalimu, unawafundisha watoto kwamba Mangi alinyongwa. Umewaambia kichwa chake kiko wapi?” Sikuwa na jibu. Nilimwambia yaliyopita yamepita, nikarudi ofisini kusahihisha madaftari.

Asiyejua mila atadhani mzee yule alikuwa na ushirikina. La hasha. Kwa desturi ya zamani ya Wachagga, mtu mzima alizikwa nyumbani kwake, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa kihambani penye masale, ili aendelee kukaa na watu wake. Basi kuchukua kichwa cha mtu ni kuuondoa ukoo mahali pake pa kusemea na wazee wake. Jeraha la namna hiyo haliponi kwa kupita miaka, maana kila mtoto anayezaliwa hulikuta lingali wazi.

Na ni nani waliolishughulikia? Si sisi wasomi. Mjukuu wa Meli alitumia miaka mingi ya maisha yake kukidai kichwa cha babu yake, wakati wengi wakimcheka. Mwaka 2018 alikubali chembe za mwili wake zipimwe, na koo nyingine zikafanya vivyo hivyo. Huko Berlin, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa ilikuwa imeanza mwaka 2017 kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyotolewa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Mwezi Septemba 2023 ilitangaza kwamba mafuvu matatu yamepatana na damu ya watu walio hai huku kwetu. Mojawapo lilikuwa la akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuonekana miongoni mwa yaliyopimwa. Hata hivyo, bila udhia wa wanakijiji wale, mafuvu yale yangebaki na namba za kabati tu.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaonana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda katika Vita vya Maji Maji. Ni jambo jema, na sitalidharau. Lakini tangu siku ile nimewaona ndugu zetu wengi wakikunja mikono, wanangoja ndege ishuke na masanduku, kana kwamba upatanisho ni mzigo wa kupokelewa uwanjani. Mjerumani ana deni lake na alilipe lote. Sisi je, hatuna letu?

Tunalo. Wanahistoria wanaeleza kwamba fitina za mamangi wenyewe zilichangia kuwapeleka wale 19 kwenye mti, na wanamtaja hasa Mangi Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyewajaza Wajerumani shaka juu ya wenzake. Silisemi hili kuwahukumu wajukuu wa mtu yeyote. Mjukuu hana hatia ya babu, na kila mangi wakati ule alikuwa akitafuta usalama wa watu wake mbele ya bunduki. Nalisema kwa sababu hatulisemi. Tunamlaani Mjerumani kwa sauti kubwa, na habari ya fitina ya jirani tunanong'onezana kwenye mbege, kizazi baada ya kizazi.

Wachagga tunayo dawa yake, nayo ni isale. Aliyekosa hulichukua jani hilo, humwendea aliyemkosea, hulitaja kosa, naye akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Tazama mpangilio wake: huji mikono mitupu, hutumi barua, na huruki kosa bila kulitaja. Hatuna sababu ya kungoja Berlin ili koo za mlima huu ziketi pamoja siku ya 2 Machi, zitamkiane yaliyotendeka, na kupeana isale mbele ya watoto.

Najua watakaosema huku ni kurudi kwenye kutambika. Nawajibu kwamba Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani, alikaa miaka mingi Old Moshi na kuziandika mila zetu kwa heshima. Mgeni mwenye Biblia hakuliogopa isale. Iweje mchungaji mzaliwa wa hapa aliogope? Kuomba radhi na kusamehe hakujapata kuwa dhambi katika dini yoyote niijuayo.

Wapo pia wanaotaka mti ule uwe mahali pa watalii tu. Mgeni na aje, alipe kiingilio, ajifunze. Lakini mtoto wa shule ya jirani akiwa hajawahi kukaa chini ya mti huo, tutakuwa tumewauzia wengine habari ambayo wenyewe hatuijui.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu walio kazini sasa: muhtasari hauwakatazi kutoka nje ya darasa. Wapelekeni watoto. Waiteni wazee wasimulie nanyi mnyamaze, jambo ambalo kwetu walimu ni gumu kuliko mengine yote.

Mimi nilichelewa. Nilipostaafu nilichuma isale, nikaenda nyumbani kwa mzee yule niliyemfukuza kwa maneno ya heshima. Nilikuta amekwisha kufariki. Nilimkabidhi mwanawe jani hilo, nikamweleza nilichomjibu baba yake na kwa nini nilikosea. Alilipokea, akanionyesha kaburi, tukakaa hadi jioni. Hakuna serikali iliyotusaidia siku hiyo, wala hatukuhitaji kusaidiwa.