Tumekuza ubao wa vita: tumeona nini?



Kuko ulizo moja ambalo wazazi wanalileta mara na mara. Wanauliza: je, ni vizuri watoto wetu wacheze mchezo wa vita juu ya meza ya nyumbani? Vijana wanajibu kwamba ni mchezo wa akili tu. Wazazi wanasema vita wameiona kwa macho yao, hawataki kuiona tena kati ya sahani na vikombe. Ninyi wote muna sababu. Leo sitawapa jibu la ndiyo ao hapana. Nitawaeleza mchezo wenyewe, kisha yale tuliyoyaona wakati vijana walipoukuza kwa mikono yao. Mutapima wenyewe.

Mchezo huo unaitwa Risk. Uliuzwa kwanza katika Ufaransa mwaka 1957. Aliyeubuni ni Albert Lamorisse, mutu wa sinema, yule aliyefanya filamu ya mtoto na puto jekundu mwaka 1956. Ubao wake ni ramani ya dunia iliyokatwa vipande 42 katika mabara sita. Kila mchezaji ana askari wake. Kila zamu anahesabu vipande vyake, anagawanya kwa tatu, na hesabu ile ndiyo askari wapya anaopata, lakini hapati chini ya watatu. Kama anashika bara nzima anapewa zawadi juu yake: Asia 7, Ulaya 5, Amerika ya Kaskazini 5, Afrika 3, Amerika ya Kusini 2, Australia 2.

Vita inapigwa kwa dadu, vile vijiwe vya pande sita. Mwenye kushambulia anatupa mpaka tatu, mwenye kulinda mpaka mbili. Wakilingana, mlinzi anashinda. Sasa sikieni vizuri, ninyi munaopenda hesabu. Dadu tano zinaweza kuanguka kwa namna 7,776. Kati ya hizo, mara 2,890 mlinzi anapoteza askari wawili, mara 2,275 mshambulizi ndiye anayepoteza wawili, na mara 2,611 kila mmoja anapoteza mmoja. Maana yake, mwenye askari wengi ana faida kidogo akishambulia. Mchezo unamwita mutu aende mbele.

Lakini wachezaji wa zamani wanajua jambo lingine: kushika ni kugumu kupita kukamata. Tazameni milango. Australia ina mlango mmoja tu. Amerika ya Kusini ina miwili. Afrika na Amerika ya Kaskazini zina mitatu mitatu, Ulaya minne, Asia mitano. Ndiyo sababu Asia inatoa 7 na watu wengi hawaifikii, na Australia inatoa 2 na watu wengi wanaikimbilia.

Na inchi yetu iko wapi? Katika ubao ule Congo ni kipande kimoja. Majirani wake ni watatu: Afrika ya Kaskazini, Afrika ya Mashariki na Afrika ya Kusini. Haina mlango wa kutoka nje ya bara. Ni kama chumba cha nyuma ndani ya nyumba.

Vijana wetu hawakukubali. Mmoja aliweka kidole juu ya ramani akasema: «Pasta, Congo iko kipande moya tu? Na Madagascar vilevile kipande moya? Hii karte inadanganya.» Basi wakatafuta kartoni kubwa, kalamu na ramani ya masomo, wakachora upya. Watu wa inchi nyingi wanafanya vile na mchezo huu: wanaongeza vipande, wanabadilisha sheria, wanachora mji wao ao inchi yao. Hakuna anayekukataza kufanya hivyo nyumbani kwako.

Congo wakaikata vipande sita: Magharibi pamoja na Kinshasa, Equateur, Orientale, Kivu, Kasai na Katanga. Kisha kila inchi inayopakana nasi ikapewa kipande chake: Angola, Congo-Brazzaville, Centrafrique, Sudani ya Kusini, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zambia. Hizo ni tisa. Ukiweka na Afrika iliyobaki, ubao ukatoka vipande 42 ukafika 56.

Wakati wa kuchora njia ndipo kila mutu alinyamaza. Magharibi inapakana na Angola na Congo-Brazzaville. Equateur na Congo-Brazzaville na Centrafrique. Orientale na Centrafrique, Sudani ya Kusini na Uganda. Kivu na Uganda, Rwanda, Burundi, na Tanzania ngambo ya ziwa. Katanga na Tanzania ngambo ya ziwa, Zambia na Angola. Hata Kasai, ambayo tunasema iko katikati, inagusa Angola. Hesabuni: njia 15. Kati ya vipande sita hakuna hata kimoja kisicho na mlango. Chumba cha nyuma kimekuwa soko lenye milango pande zote.

Halafu likaja ulizo la zawadi. Mwenye kushika Congo nzima apewe askari wangapi? Kijana mkubwa hakusita: «Congo iko na shaba, iko na cobalt, iko na diama. Tuipe saba, sawa Asia.» Cobalt inayochimbwa duniani, zaidi ya nusu inatoka kwetu, na sisi wa migodi tunaona malori yakipita kila siku. Wote wakasema ni haki. Saba ikaandikwa.

Tulicheza watu wane: vijana wawili ndugu, binti mmoja wa kwaya, na mimi. Kila mmoja alipata vipande 14 na askari 40. Kijana mkubwa alikamata Congo nzima katika zamu ya nne. Alipata zile saba zake mara moja. Akaziweka: moja hapa, moja pale, mbili Kivu. Saba kwa milango sita, mutafanya nini nazo? Kabla ya zamu yake kurudi, mdogo wake alikuwa ameingia kwa njia ya Burundi na askari kumi. Na sheria ni ngumu: ukipoteza kipande kimoja tu, zawadi yote imekwenda. Mdogo naye akakamata yote, naye akavunjwa kwa njia ya Angola. Jioni ile Congo ilibadilisha mikono mara tano. Hakuna aliyeishika kupita zamu mbili. Aliyekuwa na Australia alikaa kimya nyuma ya mlango wake mmoja, akipokea mbili, mbili, mbili, na mwisho yeye ndiye alikuwa na jeshi kubwa.

Mumeona? Saba haikuilinda Congo. Saba ndiyo iliyowaita wote. Kama zawadi ingekuwa mbili, hakuna mutu angepoteza askari kumi juu yake. Utajiri bila ulinzi wa milango na bila mapatano na majirani unageuka kuwa mwaliko. Vijana hawakusoma jambo hilo katika kitabu. Waliliona kwa mahindi yaliyokuwa yakiondolewa juu ya kartoni.

Siku ya pili, tulipogawanya vipande, Kivu ikamwangukia yule binti. Akakaa na askari wake mkononi. Akasema: «Mimi siwezi kuweka askari mu Kivu. Kule kuko nkambo wangu.» Hakuna aliyecheka. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Jamaa nyingi hapa kwetu zilikaa na simu usiku kucha. Na wazee wanakumbuka vita ya 1996 mpaka 1997, na ile ya 1998 mpaka 2003, wakati majeshi ya inchi nyingi yalipopigana katika udongo wetu.

Tukauliza: basi watu wako wapi juu ya ubao huu? Vipande 56, askari 160, na hakuna hata mwanakijiji mmoja. Ndipo tukaweka maharagi. Sheria mpya ni hizi:

1. Kila kipande kinaanza na haragi moja. Haragi si askari. Ni wenyeji. Halipigani, na hakuna mutu anayeruhusiwa kuliondoa juu ya ubao.

2. Kipande kikikamatwa kwa vita, haragi linakimbia. Aliyepoteza ndiye anayechagua kipande jirani ambacho litakimbilia, hata kama ni cha mchezaji mwingine.

3. Anayepokea haragi anaondoa askari wake mmoja juu ya kulilisha. Kutoka zamu inayofuata, haragi lile ni hesabu yake.

4. Askari wapya hawahesabiwi tena kwa vipande. Wanahesabiwa kwa maharagi, kugawanya kwa tatu. Udongo mutupu hautoi kitu.

5. Kipande kikikaa zamu mbili bila vita, haragi moja linaweza kurudi.

6. Zamu kumi, basi. Mwenye maharagi mengi ndiye mshindi.

Tulicheza tena. Kijana mkubwa akakamata vipande vitano vya Congo, sawa mbele. Akahesabu kwa furaha: vipande 19! Lakini maharagi yake yalikuwa 14 tu, kama mwanzo. Yale ya Katanga na Kasai yalikuwa Zambia na Angola. Ya Kivu yalikuwa Tanzania. Alishika mashimo yote ya madini, na hakuna mutu ndani. Askari wake wapya wakabaki wanne, na alikuwa na mipaka mirefu ya kulinda. Akasema polepole: «Sasa nilikamata nini?»

Binti ndiye alikuwa na Zambia, Angola na Tanzania. Zamu za kwanza aliumia, kwa sababu kila haragi lilimkula askari mmoja. Mdogo akamcheka. Zamu ya saba maharagi yake yalifika 20, askari wake wapya wakawa sita, na hakuwa ameanzisha vita hata moja. Alishinda.

Hapa niseme neno, ili mtoto asifikiri kwamba kukimbia ni jambo jepesi. Haragi linasukumwa kwa kidole. Mutu anatembea kwa miguu, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni. Kambi ya Nyarugusu, katika Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa inchi yetu, na kuko watoto waliozaliwa pale wakakomaa palepale. Mchezo hauwezi kuonyesha hayo. Mzazi ndiye wa kuyaeleza, na meza ya mchezo ni nafasi nzuri ya kuyaeleza.

Kama munataka kujaribu, sikieni mashauri machache. Kartoni iwe kubwa kama mlango wa kabati, kwa sababu vipande vidogo vinaleta ugomvi wa nani yuko wapi. Askari munaweza kufanya kwa mahindi, karanga, vijiti na vifuniko vya chupa, kila mchezaji na aina yake. Maharagi yabaki kwa watu tu. Andikeni njia zote kwa mustari kabla ya kuanza, msizibuni katikati ya mchezo. Mukiongeza vipande, ongezeni askari wa mwanzo kwa kipimo kilekile: kwa watu wane, ubao wa 42 unaanza na 30 kila mmoja, wa 56 unaanza na 40. Na musiache kuweka mwisho. Ubao mkubwa bila mwisho unakula usiku wote, na kesho kuko masomo na kazi.

Musiikate inchi yetu peke yake. Kama Kasai na Katanga ni vipande, basi wape majirani nao vipande. Ukikuza nyumba yako tu na kuacha ya jirani ndogo kama chungu, ramani yako nayo inadanganya.

Sasa narudi kwa wazazi walioniuliza. Mtoto anayecheza mchezo huu anajifunza kuhesabu, hilo ni hakika. Ulizo ni anahesabu nini. Jioni ya kwanza vijana wetu walihesabu saba ya Congo, na kila mmoja aliitaka. Jioni ya pili walihesabu watu, na mmoja wao akauliza alikamata nini. Katika migodi yetu, vijana hao ndio watakaokuwa kesho wakubwa wa kazi, wafanyabiashara, askari, watawala. Watakaa mbele ya ramani ya kweli. Chukueni kartoni, kaeni nao chini, muone wanahesabu nini.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Ni zawadi ngapi ingefaa kwa Congo, na kwa nini?

2. Ungepewa nafasi ya kufanya mapatano na jirani mmoja kati ya wale tisa, ungeanza na nani? Ungempa nini, naye akupe nini?

3. Katika jamaa yetu, nani aliwahi kukimbia vita? Nani alimpokea, na alimlisha na nini?