Mbegu ya Urusi haitaokoa ngano ya Ol Kalou

Bei ya unga wa ngano ikipanda, Eastlands haikosi mabingwa wa kilimo. Kwenye vibanda vya chapati Kayole na ndani ya matatu za Jogoo Road, hoja ni ile ile, nayo hutolewa kwa uhakika wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe. Urusi na Kanada, wanasema, ngano hulala chini ya theluji miezi mizima na bado inazaa. Huko ushago usiku mmoja wa jalidi unamaliza shamba. Basi tuletewe mbegu ya kwao. Tangu serikali ilipoondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022, hoja imeota mkia: mbegu ikikataa, jeni ya baridi ichomolewe ipachikwe kwenye ngano yetu.

Ukweli upo ndani yake, ndiyo maana haifi. Uwezo wa ngano kuhimili baridi kweli unarithiwa, na sehemu kubwa yake iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu 5A, penye kundi la jeni ziitwazo CBF. Ya kwanza ya aina hiyo ilielezwa mwaka 1997 na maabara ya Michael Thomashow katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ikitoka katika kimmea kiitwacho Arabidopsis.

Ila CBF si blanketi ambalo mmea unajifunika. CBF ni msimamizi wa mjengo: habebi jiwe wala hachanganyi simiti, anaamrisha tu. Akiamrisha, seli hulimbikiza sukari, utando wake hubadilika, na protini za kinga hutengenezwa ili barafu inayojiunda nje ya seli isiifyonze maji yote ikafa. Kazi hiyo inahitaji wiki kadhaa za baridi ya polepole, juu kidogo ya sufuri. Mkulima wa Urusi anaipata kabla theluji haijaanguka. Ngano ile ile, ikishikwa na baridi kali kabla ya kuzoeshwa, inakufa.

Sasa tazama jalidi ya kwetu. Huja hasa kati ya Desemba na Februari, anga ikiwa wazi. Mchana jua limechoma. Usiku ardhi inapoteza joto lake, hewa nzito ya baridi inateremka mabondeni, na kukipambazuka majani ni meupe. Saa nne asubuhi kuna joto tena. Huyo msimamizi atapata wapi wiki za kupanga kazi?

Na hapo bado hatujagusa kizuizi kikubwa zaidi. Kuna jeni nyingine, VRN1, ambayo kundi la Jorge Dubcovsky huko Davis, California, lilifanikiwa kuitenga mwaka 2003. Katika ngano ya nchi za theluji jeni hii hulala mpaka mmea uhesabu wiki za baridi. Ikiamka, mmea unaanza safari ya kutoa masuke, na ulinzi wa CBF unapungua. Mmea hauwezi kujihami na kuzaa kwa nguvu moja. Aina zinazolimwa Timau, Mau Narok na Ol Kalou haziingojei hesabu hiyo. Hutoa masuke bila kudai baridi. Ukipanda ya Urusi hapo, usiku utakuwa baridi kweli, lakini joto la mchana litavuruga hesabu, na utabaki na majani mazuri ya kulisha ng'ombe.

Tuseme hata ikubali kutoa masuke. Jalidi inayomwumiza mkulima wetu ni ile inayopiga suke likiwa limetoka. Wakati huo nyuzi 2 au 3 chini ya sufuri zinatosha kuua maua. Suke linabaki jeupe, tupu. Sifa ya ngano ya Urusi ya kuvumilia nyuzi 20 chini ya sufuri ni ya mmea mchanga unaokumbatia ardhi. Waaustralia wana tatizo kama letu, anga wazi na masuke yaliyotoka, na miaka yote ya utafiti haijawapa aina isiyodhurika.

Kuhusu kupachika jeni, hilo lilijaribiwa. Arabidopsis iliyolazimishwa kuwasha CBF muda wote ilihimili barafu, lakini ikadumaa na kuchelewa kuchanua. Mahindi nayo yana jeni za ukoo huo huo na bado jalidi huyakausha, kwa hiyo kuwa na jeni si kuwa na kinga. (Nawakumbusha pia wachumi wa kibandani kwamba ngano nyingi tunayokula huingia kwa meli Mombasa. Bei ya chapo ilipopanda mwaka 2022, jalidi ya Nyandarua haikuwa na hatia.)

Utafiti wa jeni hizi una faida, ila si ile inayosubiriwa Kayole. Jeni kama VRN1 na zile zinazopima urefu wa mchana ndizo zinazoamua suke litoke wiki gani, na wazalishaji wa mbegu, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, pale Njoro, wanaweza kuchagua kwa kuzifuata. Mkulima wa Ol Kalou akipanda aina mbili zinazopishana wiki mbili kutoa masuke, moja mteremkoni na nyingine akaichelewesha isikutane na Januari, usiku mmoja mbaya hautambebea shamba lote. Hiyo ndiyo mbegu ya kumwomba mtafiti.