Anayevunja Mkataba si Anayehama

Katika mikataba mingi ya pango jijini Dar es Salaam kuna sentensi ambayo mpangaji huipitia haraka kalamu ikiwa mkononi, na mwenye nyumba huikumbuka siku ya ugomvi: kodi ikishalipwa hairudishwi. Imerudiwa mara nyingi mno, hata watu wameigeuza kuwa sheria ya nchi. Ukilipa miezi sita, basi miezi sita ni mali ya mwenye nyumba, ukuta uwe umesimama au umelala. Ukihama kabla, wewe ndiye uliyevunja mkataba, na kilichobaki kimekula kwako. Nasema imani hiyo ni ya uongo, na inawaweka watu ndani ya vyumba ambavyo walipaswa kuwa wametoka siku nyingi.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitaja hawajaisoma. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinaweka ndani ya kila mkataba wa pango ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa, hata kama karatasi haikuziandika. Moja ni kwamba nyumba, fleti au chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kitatunzwa kiendelee kufaa muda wote wa mkataba. Nyingine inahusu jengo lililopangishwa kwa sehemu: paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka, korido na vifaa vya matumizi ya pamoja ni jukumu la mwenye nyumba. Kisha iko hii, ambayo kila mpangaji wa mabondeni angepaswa kuijua kwa moyo: moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji ikiifanya nyumba isikalike, kodi inasimama, yote au sehemu inayostahili, mpaka nyumba itengenezwe. Ikipita miezi sita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kutoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja na kuumaliza mkataba.

Sheria ya Mikataba nayo inasema kwamba upande mmoja ukikataa kutimiza ahadi yake kwa ukamilifu, au ukijiondolea uwezo wa kuitimiza, upande wa pili una haki ya kuumaliza mkataba. Sasa niambie, mwenye nyumba aliyeambiwa mara tatu kwamba paa linavuja juu ya bodi ya umeme, akajibu kwamba fundi atakuja, fundi asije, ni nani aliyeanza kuvunja? Mpangaji anayefunga virago katika mwezi wa nne kati ya sita aliyolipia amekuta mkataba umeshavunjwa. Na ile sentensi ya kodi kutorudishwa, kwa maoni yangu, inamhusu mpangaji aliyebadili mawazo, aliyepata chumba karibu na kazini au aliyeoa. Haimpi mtu ruhusa ya kupokea fedha ya makazi na kutoa hatari.

Hatari zenyewe tunazijua. Mita moja ya LUKU inalisha vyumba sita, kila mpangaji amevuta waya wake, viungo vimefungwa kwa nailoni, na mtu akichomeka pasi wakati jirani anapika kwa jiko la umeme, soketi inapata moto mpaka plastiki inanuka. Uliza kwa nini, utaambiwa "ndivyo nyumba za uswahilini zilivyo". Choo cha shimo kimejaa, masika yanaingia, na badala ya kuita gari la maji taka watu wanasubiri mvua kubwa watapishe, uchafu uelee mpaka kwenye milango ya wanaolala chini. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia kutoka Bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande. Baada ya hapo vyumba vya mabondeni viliendelea kupangishwa. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, watu zaidi ya 20 wakafa. Wengi waliokuwa humo walikuwa kwenye biashara, lakini fundisho kwa anayelala chini ya zege la mtu mwingine ni lilelile.

Kwa nini basi watu hawatoki? Fedha. Mtu amelipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, juu yake kampa dalali kodi ya mwezi mmoja, na pengine fedha yenyewe ni mkopo wa kikundi. Zamani palikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 pamoja na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na katika mapatano hayo anayetafuta pa kulala huwa na sauti ndogo. Kodi ya mbele imekuwa pingu: kila mwezi uliolipwa ni sababu nyingine ya kufumba macho mbele ya ufa.

Pingu hiyo hukaza zaidi pale watu wanaposhea nyumba. Chukua vijana wawili waliopanga vyumba viwili na sebule Kimara, kila mmoja katoa nusu ya kodi ya mwaka. Mmoja anaona ufa wa ukuta unapanuka kila mvua ikinyesha, anataka waondoke. Mwenzake anasema tuvumilie, imebaki miezi mitano. Tangu siku hiyo anayetaka kuondoka anaitwa msaliti, na mwenye nyumba anatulia kwa sababu wapangaji wameanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Hofu ya anayebaki naielewa. Watu walioahidi kwa pamoja, mmoja wao anaweza kudaiwa deni lote, kisha yeye ndiye amtafute mwenzake amrudishie sehemu yake. Lakini hofu hiyo inapaswa kuwasukuma kuandika barua moja yenye sahihi mbili. Ukuta ukianguka hautauliza nani alitaka kuvumilia. Na kama jina lililo kwenye mkataba ni la mmoja tu, lisahihishwe mapema, maana ambaye jina lake halimo atapata tabu kujieleza mbele ya baraza.

Najua watakaomtetea mama mwenye nyumba, mjane anayesomesha watoto kwa vyumba vinne, ambaye kodi ya miezi sita ilishaingia kwenye ada kabla mpangaji hajafungua mizigo. Namheshimu. Lakini chumba anachokodisha ni biashara, na biashara ina gharama ya matengenezo. Akishindwa kurudisha kwa mkupuo, arudishe kidogo kidogo kwa maandishi. Asichoweza kudai ni kwamba umaskini wake ulipiwe kwa uhai wa mtoto wa mwenzake. Wala simtetei mpangaji mjanja. Kelele za baa ya jirani, maji ya DAWASA kukatika siku mbili, rangi kubanduka: hayo ni maudhi. Nazungumzia nyumba inayoweza kumuumiza mtu, kumuunguza au kumpa maradhi.

Anayeishi kwenye nyumba ya namna hiyo asinyamaze, wala asihame usiku kama mwizi, kwa sababu kuhama kimya ndiko kunakompa mwenye nyumba hadithi ya kusimulia. Andika barua, eleza ubovu, weka tarehe, toa siku za matengenezo, baki na nakala iliyosainiwa. Piga picha. Mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa aone, na afisa afya wa kata, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa kazi hiyo. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 lenyewe linasuluhisha tu, halihukumu, na likishindwa kuwapatanisha shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kama ukuta unaegemea au waya unatoa cheche, toka kwanza na watoto wako, barua utaiandika ukiwa kwa jirani.

Bunge nalo lisikwepe. Liweke ukomo wa kodi ya mbele, na liandike kwa Kiswahili kisicho na mlango wa nyuma kwamba kodi ya miezi ambayo nyumba haikufaa kukaliwa ni ya mpangaji na irudishwe.