Choo si Pambo la Kumridhisha Bwana Afya

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilienezwa nchi nzima kwa redio na vikundi vya kujisomea. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo vikachimbwa kwa maelfu. Mwaka 2017 Taifa lililazimika kuanza tena, safari hii kwa wito wa "Nyumba ni Choo". Vile vya kwanza vilikwenda wapi?

Jibu linaonekana Bariadi. Udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaostawisha pamba, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Shimo lisilojengewa kuta hubomoka. Aliyechimba kwa hofu ya faini hachimbi la pili. Hurudi kichakani, na mvua hukipeleka kinyesi kisimani. Kipindupindu kilichoukumba Mkoa wa Simiyu mwanzoni mwa mwaka 2024 hakikuletwa na mchawi.

Wapo viongozi ambao kazi yao ni kuhesabu mashimo na kupeleka takwimu juu. Huo si uongozi, ni ukarani. Mji uliofanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2012 haustahili vyoo vya kuonyesha wageni. Kiongozi wa kweli hufundisha kujengea shimo kwa mawe au matofali ya kuchoma, hupigania maji, na huanza na choo cha nyumbani kwake. Mwananchi naye aache kungoja kusukumwa. Maradhi yalitangazwa kuwa adui tangu Uhuru, na adui huyo hapigwi kwa takwimu.