Msamaha wa kodi umfuate mlaji, sio mzigo

Wiki hii tunaacha kidogo bei za mahindi na maharage, tuzungumzie jiko la kuyapikia. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tangu hapo hoja ya kusamehe kodi majiko yanayotumia umeme kidogo, ili kaya za kipato cha chini ziyapate, imezidi kusikika. Tunaiunga mkono, ila kwa sharti moja: nafuu imfikie mlaji.

Hesabu ni hii. Tuseme jiko la umeme kutoka nje lina thamani ya sh. 100,000 forodhani. Ushuru wa asilimia 25 ni sh. 25,000. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, yaani sh. 22,500. Kabla ya tozo nyingine, usafiri na faida ya muuzaji, limekwishafika sh. 147,500. Kwa kaya ya Momba au Ileje inayoshika fedha wakati wa mavuno tu, hapo hakuna biashara. Mama anarudi kwenye mkaa.

Na jiko hilo si anasa. Jiko la umeme la presha huivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja. Mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1 hulipa sh. 100 kwa uniti, bila kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Jiko linalokula umeme humvusha, na bei hupanda.

Hata hivyo tusisahau ya taulo za kike. Ziliondolewa VAT katika bajeti ya 2018/19. Mwaka mmoja baadaye Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, aliirudisha kodi hiyo kwa maelezo kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Wafanyabiashara tulilaumiwa, na wapo waliostahili. Lakini ipo sababu nyingine: anayeuza bidhaa iliyosamehewa VAT hawezi kudai kodi aliyolipia pango na usafiri. Kodi hiyo huingia kwenye bei kimya kimya.

Hapa Tunduma kuna tundu la pili. Nakonde ni hatua chache tu, na VAT ya Zambia ni asilimia 16. Jiko lililosamehewa kodi kwa ajili ya maskini wa Songwe linaweza kuvuka mpaka kwa baiskeli kabla halijafika Mbozi. Msamaha uliofungwa kwenye mzigo ni mali ya mwenye mzigo.

Kwa hiyo tunapendekeza bidhaa zilipiwe kodi kama kawaida, na punguzo litolewe dukani kwa kaya inayostahili. Kaya hizo zimekwisha kuorodheshwa na TASAF. REA nayo imekwisha kuuza mitungi ya gesi ya kilo sita kwa ruzuku, kwa hiyo utaratibu si mgeni.

Wenzetu watauliza: muuzaji atarudishiwa lini fedha zake? Swali hilo ni la haki, maana mtaji mdogo haungoji hundi ya Serikali. Jibu letu ni kwamba muuza jumla aliyesajiliwa VAT aruhusiwe kukata punguzo hilo katika ritani yake ya mwezi, kwa ushahidi wa risiti za EFD. Mwenye duka dogo asiyesajiliwa apewe bidhaa na muuza jumla wake kwa bei iliyokwisha kupunguzwa.

Kwa sasa ushauri wetu kwa msomaji ni mmoja. Usijaze stoo majiko kwa tetesi za msamaha. Uliotolewa kwenye bajeti moja unaweza kufutwa kwenye bajeti inayofuata, na hasara humbakia mwenye stoo.