Msiite Kazi Hii Mchezo wa Watoto

Kuna hukumu moja inayotolewa upesi mno, tena na watu wenye akili zao timamu: kwamba mtu mzima anayekaa mezani usiku akiunganisha na kupaka rangi gari dogo la plastiki hana kazi ya kufanya. Jirani atacheka, mfanyakazi mwenzake atacheka, shemeji akija kutembea atauliza, "Bado unacheza na vigari?" Swali hilo limebeba dharau mbili. Linamdharau mtu, na linaidharau kazi ya mikono. Mimi nazikataa zote mbili.

Wengi wanaouliza hivyo hawajawahi kufungua boksi la modeli. Wanadhani humo ndani mna gari lililogawanywa vipande, na aliyelinunua anabandika tu. Basi tulifungue moja. Nachagua lile la kampuni ya Hasegawa ya Japani, la Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, akiwa na Hans Schüller kiti cha pembeni. Kipimo ni 1/24: sentimita moja mezani ni sentimita 24 barabarani. Nimelichagua kwa sababu gari hilo lilijipatia jina katika barabara zetu, na msomaji wa hapa ana macho ya kulihukumu.

Ndani ya boksi mna bodi tupu, fremu za plastiki zenye vipande vidogo vidogo, vioo, matairi, na karatasi ya stika. Rangi hamna. Gundi hamna. Gari lenyewe, lile lililochorwa juu ya kifuniko, halimo. Litatoka mikononi mwa mtu, au halitatoka kabisa.

Kazi inaanzia kwenye bodi. Plastiki ikimiminwa kiwandani, huacha mshono mwembamba pale sehemu za kalibu zilipokutana, na mara nyingi mshono huo hupita juu ya madigadi. Usipousugua kwa msasa wa maji hutauona leo wala kesho. Utauona siku rangi itakapokauka na kuanza kung'aa, wakati huwezi tena kuurekebisha bila kuanza upya. Halafu inakuja praima. Datsun ile ilikuwa nyekundu, na fundi yeyote wa rangi gereji atakwambia kwamba nyekundu juu ya praima ya kijivu hufifia, bali juu ya nyeupe huwaka. Boneti ilipakwa nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Kwa hiyo bodi moja inabeba rangi mbili zenye tabia tofauti, na mpaka kati yao lazima unyooke, usivuje hata nywele moja chini ya utepe wa kuzuia rangi.

Tuseme habari ya unene wa rangi, maana hapa ndipo dharau inapoumbuka. Tabaka lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita linaonekana si kitu. Likuze mara 24 na unapata karibu milimita mbili na nusu za rangi juu ya mlango. Hakuna gari duniani lenye rangi nene hivyo. Kwa sababu hiyo mpakaji anaizimua rangi yake kwa thina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, anaipuliza kwa tabaka nyembamba, anasubiri, anarudia. Ikiwa nzito, mifereji ya milango inazibika. Ikikaukia hewani kabla ya kufika, bodi inatoka na uso wenye vishimo kama ganda la chungwa, kasoro ileile inayomrudisha mteja gereji akiwa amefura. Na lazima ajue ni rangi gani inakubali kukaa juu ya ipi: laka kali ikipulizwa juu ya enameli hukunjamana yote na kuharibu kazi ya wiki nzima. Mtu anayeyajua haya ana elimu ya rangi, na elimu hiyo ni ileile gari likiwa la kushika kiganjani au la kupanda watu watano.

Wengine hukomea hapo, wakaliweka gari kabatini likimeremeta. Hawana kosa. Ila wanaonivutia mimi ni wale wanaoendelea, kwa sababu gari lililotoka Safari halikumeremeta. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, masika yakiwa mlangoni. Njia moja ilikuwa vumbi jekundu, nyingine tope jeusi la udongo wa mfinyanzi lililomeza magari mpaka ekseli. Sasa fikiria mtu wa Osaka au Hamburg ambaye hajakanyaga Afrika Mashariki maishani mwake, naye inambidi ajifunze vumbi letu.

Anajifunza kwamba vumbi halikai sawasawa. Nyuma ya gari hurundikana zaidi, kwa sababu upepo unaozunguka huko hulivuta kurudi kwenye kioo na kwenye taa. Kioo cha mbele huwa na pinde mbili safi pale waipa zilipofuta. Tope ndani ya madigadi ni nene, nalo likikauka hupauka kuliko lilivyokuwa bichi. Michirizi ya maji hulala kuelekea nyuma. Vumbi jekundu juu ya rangi nyekundu halionekani, hivyo inabidi alichanganye na weupe kidogo ili jicho lilikute. Anasaga unga wa rangi, anaupaka kwa brashi laini, anaupunguza kwa kidole. Anatia rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana kwenye mifereji ya milango, anafuta ya juu, ya ndani inabaki. Akilipaka vumbi sawa kila mahali, dereva yeyote wa basi la Singida atajua papo hapo kwamba gari hilo halijawahi kutoka lami. Mtoto hachezi hivyo. Hii ni kazi ya kutazama, na kutazama kwa kiwango hicho ni nadra hata kwa watu wanaolipwa kutazama.

Malori ni magumu zaidi. Chukua tipa. Rangi ya ndani ya bodi lake huliwa na mawe, kwa hiyo chuma hutokeza kwenye sakafu na kwenye mlango wa nyuma kabla ya popote. Chini ya mfuniko wa tangi pana mchirizi mweusi wa dizeli. Pembeni mwa kabini, pale utingo anaposhika akipanda, rangi imelika kwa jasho la mkono. Ili kuionyesha kutu inayochungulia, mjenzi hupaka kwanza rangi ya kutu, akalowesha, akanyunyiza chumvi ya mawe mahali alipopachagua, kisha akapuliza rangi ya lori juu yake. Ikikauka anaisugua chumvi itoke, na kutu inabaki imejitokeza chini ya rangi iliyobanduka, kwa kingo zilizochongoka kama za kweli. Lakini chumvi haimwambii aiweke wapi. Hilo anatakiwa alijue mwenyewe, na atalijua tu akiwa amesimama kando ya lori na kujiuliza limebeba nini na kwa miaka mingapi.

Nakubali kwamba imani hii, kwamba modeli ni mchezo wa watoto, ina chanzo chake. Kampuni ya AMT ya Michigan, Marekani, ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza magari madogo ya kuwapa wauzaji wa magari ili wawaonyeshe wateja. Mwaka 1958 ikatoa boksi za kujenga mwenyewe, zenye vipande vya kuchagua: ulijenge kama lilivyotoka kiwandani, ulirembe, au ulifanye la mashindano. Wanunuzi wakubwa walikuwa vijana wa shule, na boksi ziliuzwa katika maduka ya midoli. Watu wakaona duka, wakadhani wameona kazi.

Nchi hiyohiyo ilikuwa na ushahidi mwingine. Kuanzia mwaka 1930 mpaka 1968, Fisher Body, tawi la General Motors, iliendesha mashindano ya vijana wa kujenga modeli kwa mikono. Mwanzoni walijenga kigari cha farasi cha kifalme, baadaye magari waliyoyabuni wenyewe, na zawadi kuu zilikuwa fedha za masomo. Mmoja wa washindi wa mwaka 1947 alikuwa kijana aitwaye Chuck Jordan. Mwaka 1986 Jordan alikuwa makamu wa rais wa General Motors anayesimamia ubunifu wa magari yote ya kampuni. Waliomtafuta hawakusema anacheza. Walijua kwamba kijana anayeweza kuchonga madigadi yakalingana kushoto na kulia ana jicho ambalo hawataweza kumtia baadaye darasani. Na hata leo, pamoja na kompyuta zote zilizopo, studio za magari bado huchonga gari jipya kwa udongo maalumu, kama mbunifu Harley Earl alivyofanya General Motors tangu miaka ya 1920, kwa sababu mwanga ukipita juu ya umbo halisi hufichua kasoro ambazo kioo cha kompyuta huzificha.

Wajapani nao hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Shunsaku Tamiya wa kampuni ya modeli ya Tamiya huko Shizuoka, alipotaka kutoa modeli ya Porsche 934 kwa kipimo cha 1/12, alipima na kupiga picha, akaona havitoshi. Akanunua Porsche 911 ya kweli na kuifungua kipande kwa kipande. Modeli ikatoka mwaka 1976. Niambieni ni mchezo gani wa watoto unaomfanya mtu mzima afungue gari la thamani ile ili apate mpangilio sahihi wa mabomba ya injini.

Wako wanaosema: kwa nini asitengeneze gari la kweli? Anayesema hivyo hana nafasi ya kuegesha gari la pili, wala hana fedha ya injini, na anamtaka mwenzake awe navyo. Meza moja, taa nzuri, kompresa ndogo na barakoa ya kuzuia mvuke wa thina vinatosha kujifunza sehemu kubwa ya kazi ya bodi na rangi, na ukiharibu umeharibu plastiki.

Gharama ni hoja ya haki. Boksi hizi huagizwa kutoka nje, na kwa mshahara wa kawaida wa kwetu ni ghali. Silikatai hilo. Lakini ughali hauifanyi kazi kuwa ya kitoto. Tena huku kwetu tunao wajenzi tusiowahesabu: watoto wanaopinda waya mpaka upate umbo la Land Rover, wanaokata matairi kwenye ndala zilizochakaa, wanaochora namba za basi la mtaa wao ubavuni mwa boksi la maziwa. Wamepima kwa jicho, bila mchoro wala rula, na uwiano umekaa. Nyumbani wanaambiwa waache upuuzi wakasome. Mtoto wa namna hiyo anakatizwa akiwa na miaka 12, kisha akifika 20 tunalalamika kwamba mafundi wa rangi wenye mkono safi hawapatikani.

Walimu wa vyuo vya ufundi, hasa wa bodi na rangi, jaribuni kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bodi ndogo ya plastiki kabla ya kumpa mlango wa gari la mteja. Atakosea mara nyingi kwa kopo moja la rangi, na mtaona makosa yake yote juu ya meza. Na mzazi mwenye mtoto anayepinda waya uani, usimnunulie gari la betri. Mnunulie msasa, brashi mbili nzuri na kopo la praima, kisha mwachie kona ya meza.