Mchungaji Si Karani? Nani Kasema!

"Baba huyu si mtu wa ofisini." Kauli hiyo husikika sana kwenye hafla za kuwaaga mapadri na wachungaji, na husemwa kama sifa. Anayeagwa amezika wafu wa watu, amekesha na wagonjwa, amesimama juani kwenye ujenzi wa kanisa. Vigelegele vinapigwa. Jumatatu yake, anayepokea kijiti anafungua mlango wa ofisi na kukuta meza imefunikwa na bahasha: waraka wa askofu wa tangu Kwaresima, ombi la cheti cha ubatizo, ankara ya maji, barua ya shule inayoomba mwalimu wa dini.

Sifa hiyo imejengwa juu ya imani iliyoenea makanisani kuanzia Mombasa hadi Mbeya: kwamba mtumishi wa Mungu si karani, karatasi ni mambo ya dunia, na muda wa kujibu barua umeibwa kutoka kwa kondoo. Imani hiyo ni potofu, na wa kwanza kuumizwa nayo ni kondoo wenyewe.

Wanaoitetea hukimbilia Matendo ya Mitume sura ya 6, pale mitume waliposema haiwafai kuliacha neno la Mungu ili wahudumie mezani. Shida ni kwamba andiko hilo huchukuliwa nusu. Sura inaanza na malalamiko: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuyaacha malalamiko hayo yakauke mezani. Waliita mkutano, wakataja sifa za watu wanaohitajika, wakachaguliwa saba kwa majina, wakaombewa na kuwekewa mikono. Kazi ya mgawo ilipata wenyewe, tena waliobarikiwa hadharani. Anayelitumia andiko hilo kuhalalisha meza isiyo na mwenyewe analisoma kinyume.

Na ni ajabu kwa dini hii kudharau barua. Kati ya vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni nyaraka. Paulo alikuwa na mwandishi, Tertio, aliyetoa salamu zake mwenyewe katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi. Sura hiyohiyo inaanza kwa kumtambulisha Febi, sawasawa na barua ya utambulisho anayobeba leo msharika anayehamia mji mwingine.

Karne kadhaa baadaye, Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa la Roma kuanzia 590 hadi 604, aliandika kitabu mashuhuri juu ya uchungaji, na barua zake zilizohifadhiwa ni zaidi ya 800. Nyingi zinahusu yale ambayo leo yangeitwa mambo ya ofisini: mashamba ya Kanisa kule Sisilia, vipimo vya nafaka vilivyochezewa ili kuwapunja wakulima, hata lawama kwa msimamizi wake kwamba amemletea farasi mmoja mbovu na punda watano wazuri, asijue apande nini. Wengi wa wakulima hao hawakupata kumwona Papa kwa macho. Uchungaji wake uliwafikia kwa karatasi.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye ndoa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, katika kanuni ya 1122, inataka ndoa iandikwe pia katika daftari la ubatizo la wanandoa. Kijana aliyebatizwa Songea akioa Dar es Salaam, paroko aliyesimamia ndoa anapaswa kupeleka taarifa Songea mapema. Ni karatasi moja tu. Isipopelekwa, daftari la Songea litaendelea kumtambua kijana huyo kuwa hajaoa. Baada ya miaka kadhaa ataomba cheti kipya cha ubatizo, kitatoka bila doa, na kitaweza kumfikisha madhabahuni na mwanamke mwingine huku mke wake akilea watoto Mbagala. Mahubiri ya paroko yanaweza kuwa mazuri kuliko yote jimboni. Mama huyo ameshaangushwa na taarifa iliyolala kwenye trei.

Serikali nayo ina dai lake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, na kasisi hufungisha ndoa kwa leseni. Kumbukumbu za ndoa hiyo zisipomfikia Msajili Mkuu, mjane aliyepotelewa na cheti atahangaika kuthibitisha kwamba aliolewa kihalali, na shemeji zake wakiwa wameshaanza kugawana viwanja.

Anayedharau karatasi hajapata uhuru wowote. Ametoka mikononi mwa bahasha akaingia mikononi mwa simu. Magrupu ya WhatsApp ya jumuiya, kwaya, WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) na kamati ya ujenzi yanamwita tangu alfajiri, na anayejibiwa ni aliyepiga mwisho, aliyetuma sauti tatu mfululizo, au mfadhili mwenye namba yake ya binafsi. Barua ya bibi wa kigangoni, aliyoandikiwa na mjukuu kwenye karatasi ya daftari, haina mlio. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea wanaomkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwacha maskini amesimama. Upendeleo wa namna hiyo sasa hutendeka ndani ya simu, na waumini huuita ukarimu: "Baba anapatikana saa zote." Anapatikana kwa nani?

Watetezi watasema padri mmoja ana vigango lukuki na pikipiki moja. Ni kweli, na ndiyo maana utaratibu unamfaa yeye kuliko mwenzake wa mjini mwenye katibu na kompyuta mbili. Wala hahitaji kununua programu kutoka ng'ambo. Ofisi za umma Tanzania zina masijala: barua ikiingia hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa kwenye rejista, huwekwa kwenye faili lenye namba, kisha hupelekwa kwa mhusika. Urasimu wa masijala unafahamika, lakini mtu akiuliza barua yake iko wapi, kuna pa kutazama. Parokia au usharika unaweza kufanya hivyo kwa daftari moja kubwa na karani wa nusu siku. Ofisi iwe na laini yake ya simu, inayoshikwa na karani saa za kazi. Barua pepe ifunguliwe kwa saa zilizopangwa, na kila jambo lijibiwe, likabidhiwe mtu kwa jina, lipangiwe tarehe, au litupwe.

Siri za dhamiri zibaki kwa kasisi peke yake. Hati ya Vatikani ya 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ilisema wazi kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Anayetuma dhambi zake kwa ujumbe ajibiwe kwa kupewa saa na mahali pa kuonana, kisha ujumbe ufutwe. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Anayerusha kwenye grupu orodha ya wasiotoa zaka ajue anacheza na nini.

Uhamisho ndio huanika kila kitu. Padri akiondoka na simu yake ameondoka na ahadi, picha za risiti za michango, majina ya wagonjwa waliokuwa wakimsubiri na makubaliano na fundi wa paa. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inataka kila parokia iwe na hifadhi ya nyaraka, zikiwemo barua za maaskofu, na inamtaka askofu au mjumbe wake aikague wakati wa ziara. Ukaguzi huo usiishie kwenye madaftari ya sakramenti. Askofu, au mkuu wa jimbo kwa Walutheri, aitishe rejista ya barua zilizoingia, achomoe tano na kuuliza kila moja imefikia wapi. Na hati ya makabidhiano isiorodheshe viti na kalisi peke yake. Iwe na ukurasa wa barua ambazo hazijajibiwa, wenye saini ya anayeondoka na ya anayeingia.